Trela la kambi, breki za umeme: dramu ya kushoto moto haishikiki, ya kulia baridi kabisa

Kambi_Bububu:

Assalaam alaykum wadau. Naomba anaejua kweli anijibu maana breki si kitu cha kubahatisha na mie nnabeba watu.

Nna trela la kambi, lile la kukunjua hema juu, limetoka Australia yuzdi, eksili moja, ukishalipakia matangi ya maji na jiko na magodoro linafika kama kilo 1,300 hivi. Navutia na Prado. Wageni nawapeleka Matemwe, Jambiani, Kizimkazi, na bahari ikitulia tunapanda meli tunavuka nalo Pemba, tunashukia Mkoani halafu tunakata kisiwa chote mpaka Makangale kule Vumawimbi.

Breki zake ni za umeme, hakuna oili wala paipu, ni waya tu unatoka kwenye gari, na chini ya dashibodi kuna kiboksi cha kontrola kina kitufe cha kuongeza na kupunguza nguvu. Toka masika ilipokwisha nikikanyaga breki trela linavuta kushoto, unalihisi mpaka kwenye usukani. Nikisimama nikapeleka mkono karibu na habu (kitovu cha tairi) ya kushoto haishikiki kwa moto, ya kulia baridi kama haijafanya kazi yoyote. Halafu huko kushoto kuna mkwaruzo wa chuma kwa chuma, hasa mwendo ukiwa mdogo. Nikiongeza nguvu kwenye kontrola tairi la kushoto linakamata ghafla linaburura kwenye kokoto.

Nimelipeleka gereji moja mjini wakanambia breki zote zimekufa, niagize seti mbili kamili na dramu zake. Bei waliyonitajia nzito, na hapo hawajafungua hata nati moja ya tairi. Sasa nauliza, inawezekana kweli pande mbili ziwe zimekufa wakati mmoja unawaka na mwengine baridi? Na hizi breki zinalika wapi hasa, maana za gari nazijua, shuu ikiisha unabadilisha, lakini hizi naambiwa kuna sumaku ndani. Na kwa hali yetu hapa, chumvi na mchanga, zinatakiwa zifunguliwe kila baada ya muda gani?

Kijana_Amani:

Wa alaykum salaam. Kaka mie naona unajitaabisha bure. Prado breki zake nzito, kilo 1,300 si kitu, na Unguja yenyewe tambarare. Chomoa waya wa breki bakisha wa taa tu, mambo kwisha. Matrela ya boti yote hapa yanakwenda bila breki na hatujasikia kitu.

Fundi_Kwerekwe:

Kijana_Amani, kwa heshima yako ndugu yangu, hilo usimwambie mtu. Gari ikifunga breki na trela halifungi, zile kilo 1,300 zote zinaisukuma gari kwa nyuma, na ukiwa kwenye kona au lami imelowa trela linapita pembeni linaikunja gari. Matrela ya boti unayoyaona mengi mepesi, na yanatoka nyumbani kwenda pwani taratibu basi. Huyu anapakia wageni na anavuka Pemba, na Pemba ni vilima na mabonde mwanzo mpaka mwisho, toka ukitoka bandarini Mkoani ushaanza kupanda.

Sasa mwenye trela, nikueleze zinavyofanya kazi maana ukishafahamu hapo utajua mwenyewe pa kutafuta. Ukikanyaga breki kontrola inapeleka umeme kwenye sumaku. Kila tairi lina sumaku moja, imekaa kwenye ncha ya mkono wa chuma, imeegemea ule uso bapa wa ndani wa dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi. Ikipata umeme inajibandika pale, dramu inavozunguka inaiburuza, mkono unavutwa, na huo mkono huku juu ndo unaozitanua shuu zikabana. Kwa iyo umeme wenyewe haubani breki, kazi yake ni kuikamatisha sumaku tu, nguvu ya kubana inatoka kwenye mzunguko wa tairi lenyewe. Ndo maana trela likiwa limesimama hizi breki hazishiki chochote, ukiegesha kwenye mteremko tumia handibreki yake ya waya kama unayo na weka gogo au jiwe nyuma ya tairi, usitegemee umeme hata siku moja.

Ukifahamu hivo utaona kwamba kinacholika si shuu peke yake. Uso wa sumaku unalika, uso bapa wa dramu unalika, na ile bushi ya kwenye mkono, pale mkono unapochezea kwenye pini yake, inalika, na hiyo bushi ndo wengi hawaiangalii kabisa na ndo inayoharibu hivyo vengine.

Habu ya baridi tafsiri yake upande ule haufanyi kazi, si kwamba umekwisha. Ama umeme haufiki, ama ajasta (ile ya kuzisogeza shuu karibu na dramu) imelegea sana shuu haifiki kwenye dramu, ama sili (mpira unaozuia grisi ya beringi) imevuja na grisi imelowesha laini, yaani ule uso wa shuu unaobana dramu. Ya moto ama inafanya kazi ya wawili ama haiachii. Aliyekwambia zote zimekufa bila kufungua tairi amekisia.

Fanya hivi. Weka mawe kwenye tairi la pili, piga jeki upande mmoja, zungusha tairi kwa mkono kwa upande wa kwenda mbele, mwenzio ndani ya gari abonyeze ile swichi ya mkono ya kwenye kontrola, usikanyage pedali tu kwa sababu kontrola nyengine gari ikiwa imesimama hazitoi umeme wa maana mpaka zihisi gari inapunguza mwendo. Tairi lazima liwe zito hapo hapo. Likiendelea kuzunguka kama kawaida, umeme haujafika. Kama huna mita ya umeme chukua dira, hata ya nahodha wa mashua, iweke karibu na habu halafu mwenzio abonyeze, sumaku ikiwa hai sindano inaruka. Ukishapata jibu fungua dramu zote mbili, zote, hata ile unayoiona nzima, na utuletee habari.

Na ukifungua usipulize vumbi kwa hewa ya kompresa na usilivute puani. Laini za zamani zilikuwa na asbestosi na hujui hizo zako ni za lini. Futa na kitambaa kilichoroa maji.

Mpemba_Perth:

Salaam zenu nyote, mie mtu wa Wete lakini nipo Perth miaka mingi na haya matrela ndo ya kila siku huku, kila jirani analo. Fundi amemaliza upande wa chuma, nami niongeze umeme kidogo.

Kwanza kwa Kijana wa Amani, huku sheria trela likizidi kilo 750 lazima liwe na breki japo eksili moja, likipita kilo 2,000 lazima tairi zote na lazima lijifunge lenyewe likichomoka kwenye gari. Kwa iyo hilo la kilo 1,300 huku bila breki halitoki nje ya geti. Hawajaweka hivo kwa kupenda kutoza faini, wameshazika watu.

Sasa vipimo. Dramu za kipimo hicho mara nyingi ni inchi 10, sumaku yake ukiipima ohm inasoma kama 3.2, ikipanda au kushuka kidogo si neno. Ikisoma juu sana au mita haionyeshi kitu basi waya wa ndani umekatika. Ikikaribia sifuri inapiga shoti. Halafu gusa waya mmoja wa sumaku na mwili wake wa chuma, hapo mita isisome kitu kabisa, ikisoma umeme unavuja kwenye chuma na hiyo sumaku ni ya kutupa. Kwa volti 12 kamili kila sumaku inakula ampia kati ya 3 na 4, mbili zako pamoja zile kama 6 mpaka 8. Katika plagi waya wa buluu ndo wa breki na mweupe ndo wa athi, wa kurudisha umeme, hiyo kwa trela la Australia lisilochezewa, lakini hakikisha maana likishapita mikono ya watu rangi zinabadilishwa. Pitisha mita ya ampia kwenye waya wa buluu, uwashe breki, usome. Ukikuta 3 na kitu tu basi sumaku moja ndo inayokula na nyengine imelala.

Na jambo moja ambalo linawapoteza mafundi wengi, hata huku. Usipime volti kwenye waya uliouchomoa ukafurahi kwamba 12 zipo. Waya uliooza kwa kutu bila mzigo unaonyesha 12 vizuri tu, ukiunganisha sumaku zinaporomoka. Pima pale pale kwenye tairi, sumaku ikiwa imeunganishwa na breki imewashwa. Zikiwa chini sana fuata waya wa athi kwanza kabla hujagusa kitu chengine chochote. Matrela mengi athi yake imefungwa na skurubu kwenye chasisi, na chasisi ya hapo kwetu, sote tunaijua inavokuwa baada ya masika mawili.

Angalia pia ule waya unaopita ndani ya bomba la eksili kutoka tairi moja kwenda jengine. Unacheza mle ndani trela likitikisika, unajisugua, plastiki inachubuka, na kwa nje huoni kitu.

Kambi_Bububu:

Ahsanteni sana sana. Jana nilikaa nalo na kijana mmoja fundi umeme wa mtaani kwetu, tumefungua pande zote mbili, nawaletea kama tulivoona.

Kulia. Laini za shuu nene, dramu ndani haina hata mchirizi, ila ina utando wa kutu mwekundu uso mzima. Sumaku ohm 3.3. Volti kwenye waya ukiwa umechomolewa 12 na kitu, tulivyounganisha na kuwasha zikashuka mpaka 4. Tukafuata athi kama Mpemba alivosema, ile skurubu ya kwenye chasisi ilivunjika mkononi, chini yake unga wa kutu mtupu. Na kiungio cha waya nyuma ya bamba, lile linaloshika breki, kimekuwa kijani ndani, kile cha kubana na plaisi tu, hakijachomewa risasi.

Kushoto ndo balaa. Sumaku imelika upande, kwa juu imebaki nene na kwa chini imeisha mpaka nyaya za shaba za ndani zinaonekana. Ule uso bapa wa dramu umechimbika mtaro unaingia kucha. Shuu ya mbele, ile yenye laini fupi, imebaki kama milimita moja, ya nyuma ina kidogo zaidi. Grisi haijavuja. Kwa iyo mkwaruzo ni ile shaba na chuma cha sumaku kula dramu.

Sasa maswali. Kwa nini sumaku ilike mshazari? Na je nibadilishe ya kushoto tu maana ya kulia nzima?

Fundi_Kwerekwe:

Mashaallah, umefanya kazi nzuri kuliko hiyo gereji.

Kilichotokea ni hichi: kulia athi ilikufa, pengine zamani kabla hata hujalinunua, kushoto ikabaki inafunga peke yake kilo 1,300. Wewe ukaona breki dhaifu ukaongeza nguvu kwenye kontrola, na kila ulivoongeza ilikuwa ni kushoto tu inayoongezewa. Ndo maana laini za kulia nene na za kushoto zimekwisha. Usihesabu unene wa kulia kuwa ni salama, ni kwamba haikuwa inafanya kazi.

Mshazari unatokana na ile bushi niliyoitaja. Shika mkono wa sumaku kwa ncha, utikise kuja kwako na kurudi ndani. Unatakiwa uende mbele na nyuma tu kwenye njia yake, ukiwa unayumba kama jino bovu basi bushi imekwisha, sumaku haikai bapa inakaa kwa ukingo na inalika ukingo. Ukifunga sumaku mpya juu ya mkono unaoyumba utaizika mapema tu na hela yako. Angalia na beringi vilevile, shika tairi juu na chini ulisukume, habu ikicheza dramu nayo inacheza, sumaku inagusa na kuachia, breki zinakuja kwa kushtuka.

Kuhusu kubadilisha, sumaku badilisha zote mbili za eksili, pea, na shuu pea. Si kwa ajili ya biashara, ni kwamba mpya na kuukuu hazivuti sawa na utarudi kule kule kwenye kuvuta upande mmoja. Laini ya kulia hata kama nene, zilizokaa muda bila kufanya kazi juu ya dramu yenye kutu uso wake unakuwa mgumu unateleza. Kanuni ya jumla laini ikifika milimita 1.6 au chini ya hapo haina mjadala, na ikiloa grisi haina mjadala hata ikiwa nene, usiisafishe kwa petroli ukairudisha.

Dramu ya kushoto usiitupe. Ipeleke kwa wachongaji, ule uso bapa uchongwe mpaka mtaro utoke, na ndani wanapokaa shuu wapapitie pia. Kuna alama ya kipimo cha mwisho kwenye dramu yenyewe, wasiipite. Kuweka sumaku mpya kwenye uso wenye mtaro ni kuiua. Ya kulia piga msasa tu kutu itoke, ifutwe, basi.

Ukifunga, kumbuka kushoto na kulia si sawa, bamba lina upande wake, na shuu yenye laini fupi inakaa mbele, ndefu nyuma. Nimeshafungua matrela mawili matatu ya watu hapa zimegeuzwa na mwenyewe analalamika breki hazina nguvu. Weka grisi nyembamba sana kwenye pini ya juu, kwenye bushi ya mkono na zile sehemu shuu zinapojisugua na bamba. Kwenye laini, dramu na uso wa sumaku kisifike hata kidole chenye mafuta.

Bi_Makangale:

Salaam alaykum. Mie si fundi lakini naishi na haya matatizo, nina eneo la wageni kupiga kambi huku karibu na Ngezi na matrela yanakuja, machache lakini yanakuja, na mengi yanafika breki zikiwa mbovu. Niseme la chumvi maana naona hamjaligusa sawasawa.

Mwanangu Kambi_Bububu, wageni wanapenda trela liwekwe mchangani kabisa wafungue hema waione bahari. Maji yakijaa yanafika kwenye tairi, na maji ya bahari yakiingia ndani ya dramu hayatoki yote, yanakaa mle na mchanga wake. Hizi breki za sumaku hazikutengenezwa kuzamishwa kwenye maji ya chumvi, ndo maana matrela ya boti yaliyotengenezwa sawasawa huwekewa breki za mafuta, diski, za chuma kisichoshika kutu. Kwa iyo weka trela juu, kwenye nyasi, wageni watembee. Mie kwangu nimelikataza kabisa na hakuna aliyesusa.

Ukirudi kutoka pwani lioshe na maji baridi ya bomba siku hiyo hiyo, chini, nyuma ya mabamba, kwenye plagi. Tumia mpira wa kawaida. Ile mashine ya kuoshea gari yenye kasi usiielekeze kwenye habu, inasukuma maji yapite sili yaingie kwenye beringi. Halafu usilipaki likiwa limeroa, livute kidogo njiani huku unagusa breki taratibu, joto linakausha ndani. Hilo tulifundishwa na mzee mmoja dereva wa lori na nimeliona linavofaa.

Na meli. Trela linasimama sitahani saa nyingi, marasharasha ya bahari yanaingia kwenye plagi iliyoachwa wazi inaning'inia. Ifunge na mfuko wa nailoni na mpira, kitu cha bure.

Baya kuliko yote ni masika. Mtu anakuja kaskazi, anafanya biashara yake, mvua zikianza anaegesha chini ya mnazi mpaka wageni warudi. Hewa yenyewe huku ina chumvi na unyevu. Akija kulivuta tena sumaku imeshikana na dramu kwa kutu, au dramu imeota kutu ambayo inasaga sumaku na laini siku ya kwanza tu. Kwetu breki zinakufa zaidi kwa kukaa kuliko kwa kwenda. Livute japo kuzunguka mtaa kila baada ya wiki mbili tatu, ufunge breki mara kadhaa.

Mpemba_Perth:

Bi Makangale Mungu akuzidishie, hilo la kukaa nalithibitisha. Huku watu wenye matrela ya pwani wanayaona hayo hayo, wa bara kavu breki zao zinaisha laini, wa pwani zinaisha kwa kutu laini ikiwa bado ipo.

Kambi_Bububu:

Nashkuru mama, hilo la kuliweka mchangani ndo wageni wanalolipia lakini nitalibadilisha, hakuna njia.

Bushi ya kushoto nimeitikisa, inayumba kweli, mkono wote unakwenda. Kulia umekaza. Beringi salama ila grisi nyeusi. Sumaku pea na shuu pea nimeshampa mtu oda pamoja na mkono na bushi, dramu inachongwa Jumatatu inshaallah. Athi tumeitupa ile ya chasisi, tumevuta waya mpya mnene moja kwa moja toka plagi mpaka kila tairi, viungio vyote vimechomewa risasi na kuvishwa ile mipira ya kuyeyuka kwa moto. Kulia sasa volti 11 na kitu breki ikiwa imewashwa.

Mbili zimebaki. Ajasta inabanwaje na kila baada ya muda gani, na kuna kisanduku cha betri ndogo mbele ya trela chenye swichi na kamba ya chuma, sijawahi kukigusa, ndo kile cha kujifunga likichomoka?

Fundi_Kwerekwe:

Ajasta: tairi hewani, nyuma ya bamba kwa chini kuna tundu lina kizibo cha mpira, ndani utaona gurudumu la meno. Ingiza bisibisi bapa, zungusha meno huku unalizungusha tairi kwa upande wa mbele, mpaka liwe zito sana kulizungusha. Halafu rudisha meno kidogo kidogo mpaka liwe huru na usikie shuu inagusa kwa mbali tu. Pande zote mbili ziwe sawa, hii ya usawa ndo muhimu. Kizibo kirudishe, tundu likibaki wazi mchanga unaingia.

Zikiwa mpya rudia baada ya kilometa 300 hivi kwa sababu zinajikalisha. Baada ya hapo watengenezaji wanasema kila kilometa 4,800. Kwa weye usihesabu kilometa, kwa kisiwa hichi utachukua muda mrefu kuzifikisha na kutu haikusubiri. Rekebisha kabla msimu haujaanza, na fungua dramu zote mara moja kwa mwaka masika yakimalizika, uangalie sumaku, laini na sili, ubadilishe grisi ya beringi na sili mpya kila ukifungua. Sili bei ndogo, grisi ikipita pale inakuharibia shuu nzima. Na kama eksili yako ina ile chuchu ya kupigia grisi kwa nje, piga taratibu huku tairi linazunguka, ukiisukuma kwa pupa inaipasua sili inakwenda kwenye laini.

Kabla hujapakia mgeni, shuu mpya zipe kazi. Barabara tupu, mwendo wa 60, funga breki za trela peke yake kwa swichi ya kontrola mpaka 30, achia, ziache zipoe, rudia mara kadhaa. Hapo ndo uweke nguvu ya kontrola upya kuanzia chini, usiiache pale ulipokuwa umeipandisha, ukiiacha pale sasa zote mbili zitakamata na tairi zitaburura. Na iweke trela likiwa limepakiwa, tupu na limejaa si sawa.

Mpemba_Perth:

Kisanduku ndo hicho. Trela likichomoka kamba inachomoa pini, betri ile ndogo inapeleka volti 12 moja kwa moja kwenye sumaku, trela linajifunga lenyewe badala ya kuingia kwenye duka la mtu. Kwa eksili yako moja chini ya kilo 2,000 hata huku si lazima, lakini kama lipo basi lifanye kazi.

Betri yake kwa kuwa hujawahi kuigusa nahisi imekwisha, ipime na uweke mpya, na hakikisha inachajiwa na gari. Kujaribu, chomoa plagi ya trela kwenye gari, vuta pini, ulisukume au ulivute kidogo na gari, tairi zote mbili lazima zikamate. Ukishaona rudisha pini mara moja, ukiiacha betri inakwisha na sumaku zinapata moto bure. Pini yenyewe inaota kutu inaganda ndani ya swichi, ivute mara kwa mara.

Kamba ifunge kwenye chuma cha gari yenyewe. Usiizungushe kwenye kile kichwa cha kuvutia wala kwenye cheni za usalama, kwa sababu kikichomoka kichwa kamba inakwenda nacho na pini haitoki. Urefu wake uwe unatosha kona kali ya kuingia melini lakini usiburure chini.

Kijana_Amani:

Nimesoma yote. Naomba kuuliza kwa upande wangu basi, mzee ana Noah anataka kuvutia trela kama hilo, gari ya Japani haina waya wala kontrola. Inafungwa?

Mpemba_Perth:

Kabla ya waya soma uwezo wa hiyo Noah wa kuvuta, kilo 1,300 mie naona ni nyingi kwake. Kama trela ni dogo, kontrola ina waya nne: wa moto toka betri kupitia kikata umeme, kwa sumaku mbili cha ampia 20 kinatosha, wa athi uende mpaka kwenye betri si kwenye bodi, wa tatu kwenye swichi ya taa za breki, na wa buluu unaokwenda nyuma kwenye plagi. Kama ni ile inayohisi mwendo fuata maelekezo yake ya namna ya kukaa, ikikaa mshazari inasoma vibaya. Waya wa moto na wa buluu usiwe mwembamba, mm 4 za mraba kwenda juu. Halafu pima kwenye tairi, kama alivofanya mwenzio.